Jembe la Siku ya Tatu: Kiswahili na Walowezi wa Miji ya Ufuoni

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii tumefundishwa tangu shule ya msingi, na aghalabu tumeifasiri kuwa onyo kwa mgeni mvivu asiyejua kuondoka. Fasiri hiyo si potofu ila ni finyu mno. Ukiitazama methali yenyewe kwa makini, ndugu msomaji, utagundua kuwa haimfukuzi mgeni hata kidogo. Haisemi kuwa siku ya tatu aonyeshwe mlango. Inasema apewe jembe, yaani aingizwe katika kazi za mji ule, awe na mraba wake shambani na sauti yake kwenye mazungumzo ya jioni. Isitoshe, methali yenyewe inamwelekea mwenyeji kuliko mgeni, kwa kuwa mwenye kuamrishwa kutoa jembe ni mwenyeji.

Nimeitanguliza methali hii kwa sababu makala haya yanahusu mgeni wa namna ya pekee ambaye taaluma yetu ya Kiswahili imemsahau. Namzungumzia mtu aliyetoka Ulaya au kwingineko duniani, akaja kwenye mji wa ufuoni kwetu, akapendezwa na bahari na hali ya hewa, akajenga au akapanga nyumba, na sasa ana miaka kumi, ishirini au thelathini akiishi hapo. Tunamkuta Malindi na Watamu, tunamkuta Diani, Shela ya Lamu, na Nungwi na Paje huko Unguja. Si mtalii, kwani mtalii huondoka baada ya wiki mbili. Na kwa wengi wao, si mwenyeji pia. Hoja yangu ni kwamba jembe ambalo mgeni huyu anastahili kupewa ni lugha ya Kiswahili, kwamba mpaka sasa hajapewa, na kwamba sisi tunaojiita wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili tuna sehemu kubwa katika jambo hili.

Msamiati wa ugeni

Waingereza wana neno mahususi la kumtaja mtu wao anayeishi ughaibuni kwa hiari na kwa raha, na wana neno jingine la kumtaja maskini anayevuka jangwa na bahari kutafuta kazi. Wote wawili wamehama makwao, lakini lugha imewatenga kwa rangi na kwa mfuko. Kiswahili hakina ubaguzi huo. Kwetu yupo mgeni, yupo mtalii, yupo mhamiaji, yupo mkaazi, yupo mlowezi, na mwishoni yupo mwenyeji. Haya ni kama madaraja ya ngazi moja ambayo mtu yeyote, mweupe kwa mweusi, anaweza kuyapanda.

Neno linalonivutia zaidi ni mlowezi, linalotokana na kitenzi kulowea, yaani kuhamia mahali pasipo kwenu na kukaa hapo moja kwa moja. Nchini Kenya neno hili limetiwa uchungu na historia. Mtoto wa shule anapolisikia hukumbuka walowezi wa Kizungu walionyakua ardhi katika nyanda za juu wakati wa ukoloni. Uchungu huo ni wa haki, lakini haukuzaliwa na neno lenyewe. Wahadhrami walilowea Lamu na Mombasa, Wangazija walilowea Unguja, Wahindi walilowea katika kila bandari ya mwambao wetu, na wengi wa wajukuu wao leo ni wenyeji ambao Kiswahili ndiyo lugha ya mama kwao. Kulowea, basi, si kosa. Linalotofautisha mlowezi mnyakuzi na mlowezi mwema ni kile alichokishika mkononi baada ya siku ya tatu.

Mimi ni mzaliwa wa Butere, zaidi ya kilomita 800 kutoka baharini, na ningependa kuongeza neno moja la kwetu kwenye msamiati huu. Katika Kiluhya kitenzi okhumenya kina maana ya kuishi au kukaa mahali, na kutokana nacho tunapata omumenya, yaani mtu wa ukoo mwingine aliyekuja akaomba mahali pa kukaa katika ardhi ya wenyewe. Omumenya alipewa shamba la kulima na uwanja wa kujenga. Hakupewa uwezo wa kuliuza. Kwa upande wake, alitarajiwa kuhudhuria matanga ya wenyeji, kusaidia kazi zao, na kusema jinsi wasemavyo. Aliyetimiza hayo hakuulizwa kila siku alikotoka, na watoto wake walikua wakicheza na watoto wa wenye ardhi. Babu zetu, kwa hiyo, hawakuwa na haja ya kuambiwa na mtu kuwa ukaazi ni mkataba wa pande mbili. Walikuwa na neno lake.

Malindi na lugha tatu

Tuuangalie mji wa Malindi, kwa kuwa ndio mfano ulio wazi zaidi. Sifa ya Malindi ya kupokea wageni ni ya tangu jadi. Mwezi Aprili mwaka 1498 mtawala wa Malindi alimkaribisha Vasco da Gama, baada ya Mreno huyo kukosana na watu wa Mombasa, akampa rubani wa kumfikisha Bara Hindi. Waitaliano nao walianza kufika kwa wingi katika miaka ya 1960, pale wanasayansi wao wakiongozwa na Luigi Broglio walipojenga kituo cha kurushia setilaiti huko Ngomeni, kaskazini mwa mji. Setilaiti ya San Marco 2 ilirushwa kutoka kwenye jukwaa la baharini mwezi Aprili mwaka 1967, na tarehe 12 Desemba 1970 ikarushwa setilaiti ya Kimarekani iliyopewa jina la Kiswahili, Uhuru, kwa heshima ya sikukuu ya uhuru wa Kenya. Wahandisi waliwaeleza jamaa zao habari za fukwe, jamaa wakaja kutalii, watalii wakanunua nyumba, na baada ya miongo miwili Malindi ikawa inaitwa Italia Ndogo.

Matokeo ya kiisimu ya uhamiaji huu yanaonekana barabarani. Vibao vya maduka, mikahawa na mawakala wa nyumba vimeandikwa Kiitaliano. Vijana wa ufuoni, wale wanaoitwa mabichi boi, hukisema Kiitaliano kwa ufasaha wa kushangaza bila ya kuingia darasani hata siku moja. Nilikaa Malindi kwa majuma matatu nikikusanya data ya tasnifu yangu, na katika soko la mboga nilimsikiza mama mmoja Mgiriama akimtajia bei mteja wake mzee wa Kizungu kwa Kiitaliano, akimpunguzia kwa Kiitaliano, na kumuuliza habari za mguu unaomuuma kwa Kiitaliano. Mzee alipoondoka nilimuuliza mama yule mteja wake ana muda gani pale mjini. Akanijibu, "Mwanangu, huyu mie nimemkuta. Nikiletwa hapa sokoni na mamangu, yeye yuko." Nikamuuliza kama mzee huyo anajua Kiswahili. Akacheka, akasema, "Ajua jambo."

Tuupime mzigo huu kwa mizani ya haki. Mama yule anasema Kigiriama nyumbani, Kiswahili sokoni, na Kiitaliano kwa mteja. Huenda anaelewa na Kiingereza cha ofisini. Mteja wake, mwenye elimu na wasaa kuliko yeye, ana lugha yake moja na neno moja la Kiswahili. Sisemi kuwa ni aibu kwa Mgiriama kujua Kiitaliano. Kujua lugha ni mali, na watu wa mwambao wamekuwa wakijifunza lugha za wageni kwa karne nyingi. Ninachosema ni kuwa uzito wote wa mawasiliano umetwikwa upande mmoja, na upande huo ndio wenye mfuko mwepesi.

Mali hiyo ya lugha nayo imeonyesha udhaifu wake. Baada ya shambulizi la Westgate Septemba 2013 na lile la Mpeketoni Juni 2014, nchi kadhaa za Magharibi ziliwatahadharisha raia wao wasifike baadhi ya maeneo ya Pwani. Hoteli nyingi za Malindi na Watamu zikafungwa au zikapunguza wafanyakazi. Mwaka 2020 ukaja ugonjwa wa korona ukamalizia zilizobaki. Kijana ambaye mtaji wake wote ulikuwa Kiitaliano cha ufuoni alijikuta na ujuzi usio na mnunuzi. Lugha ya mgeni huondoka pamoja na mgeni. Lugha ya mwenyeji ingebaki.

Kiswahili cha fulana

Mtu anaweza kusema kuwa wageni hawa wanajua Kiswahili kidogo, nasi turidhike. Tukiangalie basi hicho kidogo. Ni Kiswahili cha fulana na bilauri: "jambo", "pole pole", "hakuna matata", "asante sana". Wimbo Jambo Bwana wa bendi ya Them Mushrooms, uliotoka mwaka 1982, ulikisambaza duniani, kisha filamu ya The Lion King ya mwaka 1994 ikamalizia. Kampuni ya Disney hata iliisajili "Hakuna Matata" kuwa alama yake ya biashara nchini Marekani mwaka 2003.

Tatizo la Kiswahili hiki si sarufi yake. Tatizo lake ni kuwa hakina swali ndani yake. Ukisema "jambo" umemaliza, hungoji jibu. Linganisha na maamkizi ya Pwani yenyewe: "Hujambo? U hali gani? Wa nyumbani hawajambo? Umeamkaje?" Maamkizi ni mlolongo wa maswali, na kila swali linamfanya mtu awajibike kwa habari za mwenzake. Vivyo hivyo, "hakuna matata" ni jibu kabla ya swali. Ni namna ya kumwambia mgeni asiulize lolote, kwamba hapa hapana ukame, hapana mgogoro wa ardhi, hapana karo ya shule iliyokwama. Mlowezi anayeishi miaka ishirini katika lugha ya namna hii anaishi katika mji usio na habari.

Na hapa ndipo pana hatari. Mlowezi asiyejua Kiswahili huisikia Malindi kupitia kwa watu wanaomuuzia kitu: dalali, mpishi, dereva, kijana wa ufuoni. Hao humwambia yale yatakayomfurahisha. Majirani zake wasio na cha kumuuzia hawana njia ya kumfikia. Nao majirani, kwa kuwa hawajawahi kuongea naye, humjua kama ukuta mrefu wenye maua juu na mlinzi langoni. Siku panapozuka mzozo wa mpaka wa kiwanja au wa njia ya wavuvi kufikia ufuo, pande zote mbili hushangaa. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 62, inasema kuwa ardhi iliyo kati ya alama ya maji kujaa na ya maji kupwa ni ardhi ya umma. Mvuvi anaijua haki hiyo kwa desturi tangu kabla ya Katiba. Mwenye nyumba ya kifahari anaijua kwa kuambiwa na wakili. Kati yao hakuna lugha ya kuzungumzia jambo hilo kabla halijafika mahakamani.

Tusisahau pia kuwa walowezi wengi ni wazee. Wamekuja kumalizia umri wao kwenye jua, wakitegemea pensheni kutoka makwao. Ipo siku mwenza hufariki, pensheni ikapungua thamani, na marafiki wakarejea Ulaya. Mzee wa namna hiyo anapougua usiku wa manane hatamwita balozi wa nchi yake. Atamwita jirani, kama ana neno la kumwitia.

Wageni waliolishika jembe

Historia ya taaluma yetu inashuhudia kuwa mgeni akipewa jembe hili hulima, tena huvuna pamoja na mwenyeji. Johann Ludwig Krapf aliwasili Mombasa mwaka 1844, akajifunza Kiswahili, na kamusi yake ilichapishwa mwaka 1882. Askofu Edward Steere aliishi Unguja akaandika sarufi na kukusanya hadithi. William Taylor aliishi Mombasa akachapisha mkusanyiko wa methali mwaka 1891, na ni kupitia bidii yake na ya mwalimu wake, Mwalimu Sikujua bin Abdallah, kwamba tungo za Muyaka bin Haji zilihifadhiwa zikatufikia. Padri Charles Sacleux naye alitupa kamusi kubwa ya Kiswahili na Kifaransa. Huku kwetu Uluhyani, mmishonari wa CMS aliyeitwa L. L. Appleby alitunga sarufi na msamiati wa Kiluhya uliojaribu kuunganisha lahaja zetu.

Sitaki nieleweke vibaya. Watu hawa walikuja na ajenda zao, wengine katika kivuli cha ukoloni, na mara nyingi jina la mgeni liliandikwa kwa herufi kubwa kwenye jalada huku jina la mwalimu wake likitiwa katika dibaji au likiachwa kabisa. Sikujua alistahili kujulikana kama Taylor, kama si zaidi. Lakini tazama uhusiano wenyewe. Mgeni aliketi mkekani kama mwanafunzi, na mwenyeji akakaa kitini kama mwalimu. Katika tendo la kufundishana lugha, daraja za kidola ziligeuzwa, japo kwa saa moja kwa siku. Mlowezi wa leo hajawahi kukalia mkeka huo, na mwenyeji wa leo hajawahi kukalia kiti hicho.

Wanayotudai makwao

Hebu sasa tuutazame upande wa pili wa sarafu. Kijana wa Mtwapa au Diani anapooana na Mjerumani na kutaka kumfuata mwenza wake, sheria ya Ujerumani ya tangu mwaka 2007 humtaka aonyeshe ujuzi wa Kijerumani wa ngazi ya A1 kabla ya kupewa viza. Hufunga safari hadi Nairobi, hulipa karo, hukariri vitenzi, na akianguka mtihani hurudia. Uingereza iliweka sharti kama hilo la Kiingereza kwa wenza wa raia wake mwaka 2010. Italia nayo, kuanzia Desemba ya mwaka huohuo, humtaka mgeni anayeomba kibali cha ukaazi wa muda mrefu apite mtihani wa Kiitaliano wa ngazi ya A2. Serikali hizo zina sababu zake, na baadhi ya sababu hizo ni za kuwazuia watu kuliko kuwaelimisha. Hata hivyo, zinakiri ukweli mmoja: huwezi kukaa katika nchi ukawa mtu wa nchi hiyo bila ya kuielewa lugha yake.

Sisi tunadai nini? Kenya hutoa kibali cha daraja la K kwa mgeni aliyetimiza umri wa miaka 35, mwenye mapato ya uhakika, ambaye anaahidi kutofanya kazi ya kuajiriwa. Kibali hiki ndicho kinachowafaa wengi wa wastaafu wa ufuoni. Kinauliza umri na kinauliza fedha. Kuhusu lugha, hakiulizi kitu. Katiba, katika kifungu cha 65, inamruhusu asiye raia kumiliki ardhi kwa kukodi kwa muda usiozidi miaka 99. Mtu mwenye hati ya miaka 99 si mgeni wa siku mbili! Ni pale tu mgeni anapoomba uraia ndipo sheria inapokikumbuka Kiswahili: Katiba iliyotangulia hii ya sasa ilidai ujuzi wa kutosha wa Kiswahili, na Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya mwaka 2011 inadai Kiswahili au lugha nyingine ya wenyeji. Ila wengi wa walowezi hawauombi uraia wetu. Wanaridhika na kibali, na kibali hakina jembe.

Pasipokuwa na lugha, huja amri. Mwezi Julai mwaka 2025 serikali ya Tanzania iliwapiga marufuku wasio raia kufanya aina 15 za biashara, ikiwamo kazi ya kuwaongoza watalii. Siilaumu serikali hiyo, kwani kilio cha wafanyabiashara wadogo kilikuwa cha kweli. Ninasema tu kwamba amri ni dawa ya ugonjwa ulioachwa ukakomaa.

Na sisi watu wa bara?

Msomaji wa Pwani atakuwa ameshaniuliza moyoni: je, nyinyi wabara? Ni swali la haki, nami sitalikwepa. Wageni wa Pwani si Wazungu pekee. Kuna Waluhya, Wajaluo, Wakikuyu na Wakamba waliohamia Mombasa, Kilifi na Kwale kutafuta kazi, wakalowea. Mwezi Agosti mwaka 1997 ghasia za Likoni ziliwalenga watu wa bara, wengine wakauawa na maelfu wakahama. Walioziandaa ghasia hizo walikuwa na malengo ya kisiasa ya mwaka wa uchaguzi, lakini walipata kuni kavu: ardhi, ajira, na hisia ya wenyeji kuwa wanadharauliwa katika mji wao.

Mbara hujiona si mgeni kwa kuwa ana kitambulisho cha Kenya, na kwa mujibu wa sheria ana haki. Hata hivyo, wapo wanaofika Pwani na Kiswahili cha kuamuru, kisicho na "tafadhali" wala "shikamoo", kisha wakawacheka wenyeji kuwa ni wazembe kwa sababu wanaongea taratibu. Jembe la Kiswahili linamhusu mbara huyu vilevile. Marehemu Ken Walibora, katika riwaya yake ya Siku Njema iliyochapishwa mwaka 1996, alimtoa Kongowea Mswahili huko Tanga akamfikisha hadi Kitale, akapata makao miongoni mwa watu wa bara. Safari ile ya kifasihi ilitoka pwani kwenda bara. Sisi wa bara tunadaiwa safari ya kurudi, tena ya unyenyekevu. Hatuwezi kumwamrisha Mwitaliano avue viatu mlangoni ilhali sisi tumeingia navyo.

Pingamizi

Wapo watakaopinga kwamba walowezi hawa wameleta ajira, wamejenga shule na zahanati, na kwamba kuwadai lugha kutawafukuza waende kwingine. Ni kweli kuwa wapo waliosaidia, na wapo pia waliojifunza Kiswahili wakakimudu, wakawa ni watu wa mtaani kwa maana kamili. Hao ndio ushahidi kuwa jambo linawezekana. Ama hofu ya kuwafukuza, mtu aliyeipenda bahari yetu kwa miaka ishirini hatakimbia kwa sababu ya ngeli. Anayekimbia ngeli alikuwa ameshaamua kuwa mtalii.

Wengine watasema kuwa lugha haipunguzi umaskini, na kwamba mwenye ukuta mrefu atabaki na ukuta wake hata akijua kusema "shikamoo". Nakubaliana nao kwa kiasi. Lugha haigawi ardhi. Lakini humwezesha anayenyimwa kusema mbele ya anayemnyima bila ya dalali katikati, na humnyima mwenye kunyima kisingizio cha kutoelewa.

La kufanya

Nisingependa tuige masharti ya Ulaya ya kuiweka lugha mlangoni kama kufuli. Jembe hutolewa siku ya tatu, si kabla ya mgeni kuvuka kizingiti. Napendekeza mambo manne.

Kwanza, vyama vyetu vya wanafunzi wa Kiswahili vifungue madarasa ya jioni katika miji ya ufuoni, kwa ada ya haki. Chuo Kikuu cha Pwani kiko Kilifi, katikati ya Malindi na Mombasa. Zanzibar ina uzoefu wa miongo kadhaa wa kuwafundisha wageni kupitia TAKILUKI, ambayo sasa ni sehemu ya SUZA. Wahitimu wetu wanalia kukosa ajira huku wanafunzi watarajiwa wakikaa kwenye baraza zao wakitazama bahari.

Pili, tuandike vitabu vya kiada vinavyomlenga mlowezi badala ya mtalii. Havihitaji sura ya kumwona simba. Vinahitaji sura ya kuhani msiba, ya kuzungumza na fundi, ya kuhudhuria baraza la chifu, ya kumkatalia mtu bila ya kumvunjia heshima.

Tatu, Idara ya Uhamiaji ifikirie kumpa nafuu mgeni anayeomba kuongezewa kibali iwapo ameonyesha maendeleo katika Kiswahili, kwa mfano kupunguziwa ada. Kumzawadia mtu humsukuma mbele kuliko kumtisha.

Nne, wanafasihi tuingie kazini. Mlowezi wa ufuoni, kijana anayeishi kwa lugha ya kuazima, mama wa sokoni mwenye lugha tatu, mjane wa Kizungu aliyebaki peke yake, hawa ni wahusika wanaosubiri kuandikwa kwa Kiswahili. Tukiwaacha wataandikwa na wengine, kwa lugha nyingine, nasi tutakuja kuwasoma kama wageni.

Hitimisho

Wahenga walisema pia kuwa mgeni ni kuku mweupe, kwa kuwa hata akijificha vipi ataonekana. Mlowezi wa ufuoni anaonekana na kila mtu, ila hakuna anayemsikia, na yeye mwenyewe hasikii. Miaka thelathini ya kuonekana bila kusikika imetosha. Tulizoea kudhani kuwa ukarimu wetu ni kumwongelesha mgeni kwa lugha yake mpaka mwisho wa maisha yake. Huko kumbe ni kumweka sebuleni daima, asiingie ndani wala asiende shambani. Mama yule wa sokoni Malindi ameshalima sehemu yake na ya mwenzake pia. Jembe la pili limeegemea ukutani, na walioweka ufunguo wa ghala ni sisi tuliosomea Kiswahili.